Namba Niliyoifunika kwa Mafuta ya Korosho

Ukitaka kujua gari limeishi wapi, usipoteze muda kutazama kibao chake cha namba. Kibao hufunguliwa kwa spana kikafungwa kingine. Lala chini, tazama uvungu. Gari la pwani lina kutu ya chumvi inayomeguka kama mkate mkavu. Gari la Masasi lina vumbi lililogandamana na grisi mpaka ukilikwangua linatoka vipande. Gari lililotoka mbali lina udongo usioujua. Mimi nimelala chini ya magari mengi kuliko vitanda, na nawaandikia nyinyi vijana mnaoosha magari na bodaboda pale stendi, mnaomwaga maji juu ya bodi, mnapangusa vioo, mkasema mmemaliza. Hamjamaliza. Hamjaanza.

Sikusoma sana. Shule niliiacha darasa la tatu, herufi nikaja kuzimalizia kwenye kisomo cha watu wazima na mtoto mgongoni. Mkiona sentensi imekaa upande, isimamisheni wenyewe. Msinicheke.

Nilianza kazi kwenye gereji ya Fundi Mchopa, pale Masasi, wakati ambao magari ya mji mzima ungeweza kuyaita kwa majina kama mbuzi wa nyumbani. Lori la korosho, lori la misheni, gari la wilaya, yakaisha. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, kwa hiyo niliosha kwa majivu na majani ya mpapai. Siku yangu ya kwanza niliona lori limeingia linafuka moshi, nikalihurumia, nikaimwagia injini ndoo nzima ya maji baridi. Likakataa kuwaka. Fundi Mchopa akanitazama, hakupandisha sauti.

“Mama Sofia, na wewe ukitoka motoni ukamwagiwa maji, utaitika ukiitwa?”

Lori lilianikwa juani mpaka saa tisa, nami nikalipepea kwa ungo kama mgonjwa. Dereva alikaa kivulini akicheka, akitafuna ming'oko, vile viazi vya porini, akiniambia nilipikie na uji. Tangu siku hiyo injini ya moto siigusi, nanyi msiiguse.

Halafu ikaja ruksa ya kuagiza vitu nje. Mlango ukafunguliwa, na kila kitu kikaingia: nguo za mitumba, redio, sabuni za rangi zote, na magari. Magari yaliyochoka kwa watu yakaja kuchoka upya kwetu. Mengi yalikuwa mazuri juu na yameliwa chini. Hapo ndipo na mimi nilipopata ujuzi wangu, na huu hakunifundisha fundi yeyote. Ulitoka jikoni.

Sisi tuliokua tukibangua korosho tunajua mafuta ya ganda. Ukichoma korosho kwenye debe lililotobolewa matundu, ganda linatoa mafuta meusi yanayochuruzika chini. Yanaunguza ngozi. Kabla ya kuyagusa unapaka mikono mafuta ya ufuta, unajipaka na majivu juu yake. Lakini nguzo ya nyumba iliyopakwa mafuta hayo mchwa anaipita mbali. Nikajiuliza, kama mchwa anayaogopa, kutu je? Nikayachanganya na mafuta ya taa kidogo, nikapaka chini ya lori bovu lililokuwa nyuma ya gereji, nikaliacha masika nzima. Mvua ikanyesha, ikakoma. Pale nilipopaka palikuwa peusi, pagumu, panang'aa kama mgongo wa mende. Kutu haikuingia. Fundi Mchopa akapagonga kwa nyundo, akapanusa, akasema, “Kumbe.” Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Watu wakaanza kuleta magari kutoka Lukuledi mpaka Newala, wakisema, “Mpelekee yule mama wa mafuta.”

Sifa ziliniingia kichwani. Nasema hivyo mapema ili msije mkadhani makosa huja kwa wajinga peke yao.

Sasa akaja Daktari Mtenje. Alikuwa mtu wa Malawi, mganga wa macho, ameajiriwa kuja kuwatoa watu mtoto wa jicho huku kwetu. Alikuja na pikapu yake mwenyewe, nyeupe, ina vibao vya namba vya kwao, ameiendesha kupitia Songea na Tunduru katika njia ambayo ngedere wenyewe huikwepa. Kwao alikuwa Myao, kwa hiyo na Wayao wa Masasi walielewana siku ya kwanza. Kiswahili cha adabu ndicho kilimpa taabu. Alikuwa ameambiwa tu kwamba huku watu huheshimiana, basi akawa anawaamkia shikamoo hata watoto wa shule, nao bila haya wanaitikia, “Marahaba, hujambo?”

Niwaeleze mambo ya gari lake, kama nilivyoelezwa mimi. Mgeni aliyekuja kuishi na kufanya kazi aliruhusiwa kuingia na gari alilokuwa akilitumia kwao, bila ushuru, mradi karatasi zina jina lake, aliendeshe mwenyewe, na asiliuze. Mpakani walimpa karatasi ya siku. Kabla siku hazijaisha, afisa wa forodha alikague, aisome namba iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi, ailinganishe na karatasi. Zikifanana, vibao vya kwao vinafunguliwa, vinafungwa vya kwetu. Siku zikiisha kabla ya hapo, gari linazuiwa.

Daktari alizishika sheria hizo kama sala. Jirani yetu mmoja akaja kuazima pikapu akamlete bibi harusi kutoka Chiungutwa. Daktari akakataa, karatasi inamtaja yeye tu. Watu wakasema mgeni mchoyo. Jumamosi akavaa suti, akaendesha mwenyewe, akamleta bibi harusi, akakaa kwenye meza ya wakwe kwa kuwa hakuna aliyejua amweke wapi, akala pilau sahani mbili. Uchoyo ukasahaulika.

Mimi nilikuwa na shida yangu naye. Mama yangu alikuwa Kitangari, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe mwaka hadi mwaka mpaka akawa anatujua kwa sauti. Daktari alipokwenda huko mara ya kwanza alimtazama kwa tochi, akaniambia, “Mama Sofia, huyu ataona.” Akapanga Jumatatu ya wiki ya pili baada ya hapo. Wagonjwa wangekusanyika hospitali Newala, na yeye angepanda na vyombo vyake vyote, ile darubini ya upasuaji ikiwa imefungwa kwa blanketi nyuma ya pikapu. Gari jingine la kuibeba halikuwapo. Mama alipopelekewa habari, akaanza kuwauliza watu siku ngapi zimebaki, kila asubuhi.

Basi Daktari akaniletea gari. “Mama, Jumanne anakuja afisa wa forodha kutoka Mtwara. Lioshe tu, litazamike.”

Alisema lioshe tu. Ningemsikia, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia. Lakini mtu anakwenda kumfungua mama yako macho, unamwoshea tu? Nikaliosha udongo wote wa Tunduru, nikapiga mafuta yangu uvungu mzima, mkono wa kwanza Ijumaa, wa pili Jumamosi, jua kali, yakakauka vizuri ajabu. Kila kona. Nilipaka kwa shukrani. Na kazi ya shukrani ndiyo ya kuogopa, kwa sababu mtu harudi nyuma kuikagua.

Jumanne afisa akaja. Kijana, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ina makali. Akasoma karatasi, akaridhika. Akasoma namba ya injini, ikalingana. Kile kibati cha ndani chenye namba kilikuwa kimeng'oka zamani, tena karatasi za kwao zilieleza hivyo. Imebaki chesisi.

“Namba iko wapi?”

“Hapo, bwana,” akasema Fundi Mchopa, “kwa ndani, karibu na gurudumu la mbele la kulia.”

Afisa akainama. Akainama zaidi. Akatoa leso, akapangusa. Leso ikateleza kama juu ya kioo.

“Hapa pamepakwa nini?”

Nikasogea. “Mafuta ya ganda la korosho.”

“Nani kapaka?”

“Mimi.”

“Nani alikutuma?”

“Hakuna. Nilipaka Jumamosi, ilikuwa zawadi.”

“Zawadi ya kufunika namba, siku tatu kabla ya ukaguzi?” Akamgeukia Daktari. “Bwana, wewe ni mgeni, nitakueleza taratibu. Tunakamata magari yaliyoibwa nchi za jirani, na yote yana jambo moja. Namba hazisomeki.”

Nikamtazama Daktari. Mtu aliyeapa asiazimishe hata kwa harusi, anaitwa mwizi uwanjani mbele za watu, na mkono ulioleta fedheha ni wangu. Karatasi yake ilikuwa inaisha Ijumaa.

Afisa akafunga faili. “Nakwenda Newala, nina kazi huko. Alhamisi asubuhi nitapita hapa nikirudi Mtwara. Nikiisoma namba, nagonga muhuri. Nisipoisoma, gari naondoka nalo, na bwana huyu tunakwenda naye akajieleze.”

Vumbi la gari lake halijatua, Fundi Mchopa akawa amekwisha shika brashi ya waya na msasa mkononi. Nikamzuia kwa mwili.

“Toka, Mama Sofia. Umeharibu, acha nitengeneze.”

“Ukipitisha chuma juu ya chuma utaacha mikwaruzo. Akiona mikwaruzo atasema tumeifuta.”

“Basi nichome kwa moto.”

“Mafuta haya yanashika moto kuliko petroli. Unataka kumrudishia Daktari majivu?”

“Sasa unataka nini? Tuliombee?”

Ni Daktari aliyemaliza ugomvi. Alivua shati lake, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akalala chali chini ya pikapu yake. Tukamsikia anazungumza kutoka chini huko. “Fundi, mtoto wa jicho hakwanguliwi kwa msasa. Ukiwa na haraka unaharibu jicho. Mama Sofia, njoo. Mafuta haya unayajua wewe. Yakikugandia mkononi unayatoa na nini?”

Swali hilo tu. Nami nilikuwa nimesahau kuwa jibu ninalo. Mikono ya wabanguaji wote wa korosho imeyatoa mafuta hayo kabla hata gari la kwanza halijafika Masasi. Mafuta ya taa kwanza, yalainishe. Halafu maji makali ya majivu, yale ya kulainishia mboga, lakini mazito. Na subira.

Nikachuja majivu ya mkorosho mpaka maji yakawa ya rangi ya chai. Tukaloweka kitambaa kwenye mafuta ya taa, tukakifunga pale kwenye namba, tukakizungushia jani la mgomba kama mtu aliye na jipu. Tukangoja mpaka jua la saa sita. Tukafungua, tukaosha kwa maji ya majivu, nikachukua kipande cha kifuu cha nazi, nikakwangua kwa upande wake uliolainika. Kifuu hakiwezi kuumiza chuma. Ukawa unatoka uzi mwembamba mweusi, mfano wa nywele. Nikafunga tena. Hivyo hivyo Jumanne, hivyo hivyo Jumatano. Daktari ananishikia tochi, anasema, “Polepole, mama. Polepole,” kwa sauti ile ambayo nadhani huwaambia wagonjwa. Fundi Mchopa alijifanya ana kazi nyingine, lakini kila nusu saa miguu yake ilikuja kusimama kando ya gurudumu.

“Mmeona nini?”

“Herufi mbili.”

“Bado sana.”

“Basi leta kifuu kingine, badala ya kuleta miguu.”

Alhamisi afisa alifika tungali chini. Shati jeupe lingine. Nikatoka uvunguni nikiwa na majivu mpaka kwenye nyusi, nikamtandikia gunia safi. Alilitazama gunia, akalitazama shati lake, akashusha pumzi, akalala. Nawaambieni, nimewaheshimu maafisa wachache maishani, na yule ni mmoja wao. Wengine wangesoma wakiwa wamesimama.

Alianza kuisoma kwa sauti, Fundi Mchopa akimfuatia kwenye karatasi. Herufi, sawa. Tarakimu, sawa. Sawa. Sawa. Akafika ya mwisho, akarudia kuitazama.

“Karatasi inasema nane.”

“Ndiyo, bwana.”

“Hii ni tatu.”

Daktari akashika bodi ya gari. Mimi nikamwomba afisa karatasi nyembamba kutoka kwenye faili lake. Nikaibandika juu ya namba, nikaisugua kwa kipande cha mkaa kilicholazwa, polepole, na namba zikajichora zenyewe nyeupe ndani ya weusi. Njia hiyo ishikeni, itawasaidia. Macho hudanganya, mkaa haudanganyi. Tukaitoa, tukaitazama mwangani sote wanne, vichwa vimegusana.

Tatu.

“Pole, mama,” akasema afisa, na sauti yake haikuwa ya kijeuri.

“Pole ya nini? Subiri.” Nilimkaripia mtumishi wa serikali bila kujua. “Nane ni tatu iliyofungwa. Upande wa kushoto mafuta yangali ndani ya mfereji. Nipe nafasi.”

Nilivunja mwiba wa mlimau uliokuwa uani kwa Fundi, mrefu, mbichi, nikarudi chini. Nikauchovya kwenye mafuta ya taa. Nikauingiza pale palipokuwa laini kama chuma kizima, nikasukuma kidogo, nikangoja, nikasukuma. Ukatoka ute mweusi. Nikauvuta, ukaja umejikunja nusu duara, mzima, kama kucha iliyokatwa.

Karatasi mpya. Mkaa. Daktari hakutaka kutazama, alikuwa amegeuka nyuma anatazama ukuta, mtu anayepasua macho ya watu kila wiki.

Afisa akaishika karatasi juani. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

“Nane,” akasema. Halafu akasema tena, kwa nguvu, kama refa, “Nane!”

Fundi Mchopa alinipiga kofi la mgongo lililonitoa vumbi. Daktari akamwamkia afisa shikamoo, na afisa, ambaye angeweza kuwa mwanawe, akaitikia marahaba kabla hajajitambua, tukacheka mpaka wauza mabibo wakaja kuchungulia. Muhuri ukagongwa juu ya boneti. Ile karatasi ya mkaa akaiweka ndani ya faili pamoja na nyingine. Alipokuwa anaondoka akashusha kioo cha gari lake.

“Mama, na hili la serikali linaliwa na kutu. Nikilileta?”

“Lilete. Ila wewe mwenyewe utanionyesha namba iko wapi.”

Tangu siku hiyo, gari likiingia mikononi mwangu, kabla sijafungua kopo natafuta namba, napaka grisi, nabandika plasta, ndipo napaka mafuta. Na nyinyi fanyeni hivyo, hata mkitumia hizo rangi za dukani. Gari la mgeni ndilo la kuwa nalo makini zaidi. La mwenyeji likipata tatizo, lina majirani wa kulisemea. La mgeni lina namba hiyo tu.

Jumatatu Daktari akanipakia mbele, darubini nyuma kwenye blanketi, vibao vipya vya namba vinang'aa. Tulipita Chiungutwa watu wakitupungia, tukaanza kupanda mlima wa Newala, vumbi linatufuata kama mkwe anayedai. Mama aliletwa kutoka Kitangari kwa baiskeli, amekaa kwenye kariya amenyooka kama malkia, ananung'unika kwamba anayeendesha hajui kukwepa mashimo. Siku ile ile alipasuliwa jicho la kulia.

Kesho yake asubuhi Daktari akafungua bandeji. Mama akapepesa. Akanitazama kwa muda mrefu.

“Wewe nani?”

“Ni mimi, mama.”

“Sauti ni ya mwanangu. Uso ni wa shangazi yako.” Akanishika shavu, akalivuta. “Umenenepa. Vizuri.” Halafu akatafuta fimbo yake. “Liko wapi gari lenyewe? Hilo lililotaka kuninyima macho?”

Tukamtoa uani. Wagonjwa wenzake walikuwa wamekaa kwenye mkeka na bandeji zao, wakasikiliza. Akalizunguka gari zima mara moja, akiligonga kwa fimbo kwenye mlango, kwenye gurudumu. Daktari alisimama pembeni ameunganisha mikono, anangoja sifa.

“Chafu,” akasema mama.

“Mama, ni vumbi la njiani.”

“Nimekaa gizani miaka yote hii. Nafumbua macho, naonyeshwa gari chafu. Na mwoshaji nimemzaa mwenyewe.”

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Daktari naye, alipotafsiriwa kilugha cha mama, akainama ameshika magoti. Mimi nikafunga kanga kiunoni. Maji ya Newala siku hizo yalipanda mlima kichwani mwa watu, kwa hiyo nilipewa nusu ndoo tu, nikaanzia uvunguni kama inavyotakiwa. Mama akaletewa kiti, akakaa, akanyoosha fimbo.

“Pale. Na pale. Umeruka pale, chini ya taa. Rudi.”

Nikarudi. Kwa jicho lile moja, hakuna doa lililompita.